Julian wa Norwich na Upendo wa Mungu Usiokoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya hutoka kwa watu wanaouguza, waliofiwa, au waliosali mpaka wakachoka. Tunayajibu tukimfuata mwanamke mmoja wa karne ya 14 aliyepewa uhakika wa upendo wa Mungu akiwa kitandani anakufa, kisha akakaa na maswali yake miaka mingi bila kuyaficha.

Julian wa Norwich ni nani?

Ni mwanamke Mwingereza aliyezaliwa yapata mwaka 1342, akaishi Norwich, mashariki mwa Uingereza. Jina alilopewa na wazazi wake halikuhifadhiwa. Hilo la Julian yaelekea alilipata kutokana na kanisa la Mtakatifu Julian mjini humo, ambako ukutani mwake kulijengwa chumba naye akafungiwa humo mpaka kufa kwake. Alikuwa mkaapweke, ila si wa porini. Chumba cha namna hiyo kilikuwa na dirisha la kutazama altare na jingine la kuzungumzia na watu waliokuja na shida zao. Kitabu chake ndicho cha kwanza kinachojulikana kuandikwa na mwanamke kwa lugha ya Kiingereza. Mwaka 1416 alikuwa bado hai, kwa sababu wosia wa mwaka huo unamwachia fedha.

Wakatoliki wengi huku kwetu humwita Juliana. Ni yuleyule.

Mtu aliyejifungia chumbani anajua nini kuhusu mateso?

Swali la haki. Tauni Kuu iliingia Uingereza mwaka 1348, Julian akiwa mtoto wa miaka kama sita. Norwich ilipoteza sehemu kubwa ya watu wake. Ugonjwa ukarudi mwaka 1361, na tena mwaka 1369. Maana yake ni kwamba kabla hajafika miaka 30 alikuwa amezika kizazi kizima: majirani, watoto wa rika lake, pengine na ndugu wa damu. Sehemu kubwa ya wakati huo nchi yake ilikuwa vitani na Ufaransa. Mwaka 1381 wakulima waliasi, na askofu wa Norwich mwenyewe, Henry Despenser, akachukua silaha kwenda kuwazima. Ukidhani alikuwa mtu wa sala laini kwa sababu hakuonja uchungu, soma upya tarehe hizo.

Kisha akaugua mwenyewe.

Alionyeshwa nini hasa?

Mei 1373, akiwa na miaka 30 na nusu, aliugua siku kadhaa. Usiku wa nne alipewa sakramenti za mwisho. Aliendelea kuzorota mpaka mwili ukafa ganzi kuanzia kiunoni kwenda chini, na padre akaletwa na msalaba wenye sanamu ya Yesu, akamwambia autazame. Macho yake yalikuwa yanafifia. Chumba kizima kiligeuka giza isipokuwa ule msalaba. Baadaye, maono yakiwa yameshaanza, mama yake, aliyekuwa amesimama pale pamoja na wengine, alinyoosha mkono amfumbe macho, akidhani binti yake amekwisha kufa.

Maono yalianza akiwa anautazama msalaba ule: 15 kuanzia alfajiri hadi mchana, na la 16 usiku uliofuata. Mengi yanahusu mateso ya Kristo, damu, kiu na uso unaokauka. Katika la kwanza anaona pia kitu kidogo sana kiganjani mwake, ukubwa wa kokwa, cha duara. Anauliza ni nini, anajibiwa kwamba ni vyote vilivyoumbwa. Anashangaa kwamba kitu kidogo namna ile hakijatoweka. Anaelewa kuwa kipo, na kitaendelea kuwepo, kwa sababu Mungu anakipenda. Anaorodhesha mambo matatu tu: Mungu amekiumba, Mungu anakipenda, Mungu anakitunza.

Aliandika simulizi fupi kwanza, halafu miaka mingi baadaye akaandika ndefu. Ile ndefu ndiyo ya mtu aliyeyatafuna maono yake.

Je, aliwahi kuwa na mashaka?

Siku ileile! Hili ndilo jambo ninalolipenda zaidi kwake. Baada ya maono 15 kumalizika, maumivu yalirudi kwa nguvu, naye akajiona mtupu kana kwamba hakupewa chochote. Mtumishi mmoja wa kanisa akaingia kumjulia hali. Julian akamwambia kwamba leo ameweweseka. Yule mtu akacheka. Julian akaongeza kuwa msalaba uliokuwa mbele yake aliuona kama unatoka damu, na papo hapo mgeni akaacha kucheka, akawa makini kabisa. Ndipo Julian alipoona haya: mtu asiyeona chochote ameamini kwa neno moja, na yeye aliyeona vyote ameviita kuweweseka.

Usiku huo alisumbuliwa na ndoto ya kutisha na harufu ya kuungua. Na usiku huohuo akapewa ono la mwisho: Yesu ameketi ndani ya roho yake kama mwenyeji katika mji wake, wala hatahama.

Angalia mpangilio huo. Shaka haikufunga mlango. Ono la 16 lilikuja baada ya kukana yale 15. Kwa hiyo ukituuliza kama mashaka ni dhambi, tutakujibu kwamba Julian aliliita lake kosa na likamuuma, lakini hakuna mahali anaposema lilimpunguzia upendo wa Mungu hata kidogo. Baba wa yule kijana katika Marko 9:24 alilia, “Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu,” na mwanawe akaponywa kabla baba hajapanga vizuri imani yake.

“Yote yatakuwa mema.” Hayo maneno ya Julian si maneno ya msibani tu?

Yanaweza kuwa hivyo, yakitolewa mdomoni mwa mtu asiyejua yalikotoka. Sote tumekaa kwenye mikeka ya msiba tukasikia “kazi ya Mungu haina makosa” ikisemwa wakati kaburi la mtoto halijafukiwa. Anayesema mara nyingi anataka kujinusuru na ukimya. Mfiwa naye hana pa kusema kwamba yeye anaiona kazi hii ina makosa.

Julian alisema. Maneno hayo maarufu yako katika ono la 13, na hayakuja yenyewe. Yalikuja kama jibu la malalamiko. Alikuwa anawaza kwamba laiti dhambi isingekuwepo, tungekuwa wote safi tangu mwanzo, na kwa nini hekima ya Mungu haikuizuia. Akajibiwa kwamba dhambi haikuwa na budi kuwepo, lakini yote yatakuwa mema. Je, aliitika amina? Hapana. Alirudisha swali: yawezekanaje yawe mema, kwa madhara makubwa namna hii yaliyowapata viumbe? Aliuliza hivyo akijua madhara hayo kwa sura na kwa majina.

Jibu alilopewa lina sehemu mbili. Iko sehemu iliyo wazi kwetu, nayo ni Mwokozi na wokovu wetu. Na iko sehemu iliyofungwa, ambayo ni siri ya Mungu, na hatuna haja ya kuichungulia. Yaani hakuelezwa ni kwa namna gani. Aliahidiwa tu ni nani atakayefanya.

Kuna kisa kidogo ndani ya ono hilo ambacho wahubiri hawakigusi sana. Julian alimwombea mtu mmoja aliyempenda, akitaka kujua kama ataendelea katika maisha mema. Hakujibiwa. Aliambiwa alipokee neno lile kwa ujumla. Mzazi anayemwombea kijana aliyepotelea kwenye pombe anajua ukimya huo una uzito gani. Julian aliuandika kitabuni; angeweza kuuruka, kitabu kingependeza zaidi.

Nasali na sihisi chochote. Je, Mungu ameondoka?

Katika ono la saba Julian alijazwa furaha na amani kiasi kwamba hakuna kilichoweza kumwumiza. Mara furaha ikaondolewa, akaachwa na uzito na uchovu wa kuishi, karibu ashindwe kuvumilia. Mara furaha ikarudi. Kisha uzito tena. Anasema ilikwenda hivyo kama mara 20. Wakati wa furaha angeweza kusema na Paulo kwamba hakuna kitakachomtenga na upendo wa Kristo, wakati wa uzito angeweza kulia na Petro majini, “Bwana, niokoe.” Watu wawili tofauti kabisa, ndani ya kitanda kimoja, ndani ya asubuhi moja.

Anachosisitiza ni kwamba katika kubadilika huko hapakuwa na muda wa kutenda dhambi. Hakustahili ile furaha, wala hakuustahili ule uzito. Mungu alimshika sawasawa katika hali zote mbili. Tunalisema hili kwa sauti kwa sababu makanisa mengi yamewafundisha watu kupima ukaribu wa Mungu kwa joto la kifua. Siku ya joto, Mungu yupo. Siku ya baridi, umemkosea. Tafuta ulipokosea, toa sadaka, funga siku tatu. Kipimo hicho kingemchanganya Julian mara 20 kwa asubuhi moja.

Lakini kilichozama zaidi ni mfano wa bwana na mtumishi. Alionyeshwa bwana ameketi, na mtumishi amesimama mbele yake tayari. Bwana anamtazama kwa upendo, anamtuma mahali. Mtumishi haendi polepole. Anaruka na kukimbia kwa sababu anampenda bwana wake. Katika kukimbia huko anatumbukia korongoni, anaumia vibaya, anagaagaa, hawezi kuinuka. Julian anataja maumivu yake saba. Lakini juu ya yote, taabu yake kuu ni kwamba hawezi kugeuza uso akamwone bwana wake, ambaye yuko karibu sana na hajaondoa macho kwake hata dakika moja. Basi mtumishi anaamini kwamba yuko peke yake.

Julian alichunguza kama kuna kosa ambalo bwana anamhesabia yule mtumishi, asilione. Mfano huo ulimsumbua kiasi kwamba hakuuweka katika simulizi fupi. Ulimchukua karibu miaka 20, pungufu ya miezi mitatu, kuuelewa. Mtumishi ni Adamu, yaani kila mmoja wetu. Na mtumishi huyohuyo ni Kristo: Adamu alipoanguka korongoni, Mwana wa Mungu naye akashuka tumboni mwa Bikira Maria ili awe pamoja naye chini kule.

Kwa hiyo jibu la swali lako: kutomwona Mungu ni sehemu ya jeraha, na jeraha si ushahidi kwamba ameondoka. Zaburi ya 88 inaishia gizani bila neno la faraja, na bado imo katika kitabu cha sala. Aliyeitunga alikuwa amelala korongoni, shingo haigeuki, na bado alikuwa anamwita Mungu.

Nimeambiwa naumwa kwa sababu imani yangu ni ndogo. Ni kweli?

Marafiki wa Ayubu walisema vivyo hivyo kwa sura nyingi, na katika Ayubu 42:7 Mungu anawakasirikia wao, si Ayubu. Julian kwa upande wake anasema hakuahidiwa kwamba hatapigwa na dhoruba, hatachoka, wala hataumia. Aliahidiwa kwamba hatashindwa. Anayekuuzia ahadi kubwa kuliko hiyo, muulize ameitoa wapi.

Je, Julian anafundisha kwamba Mungu hana hasira, na kwamba watu wote wataokoka?

Anasema wazi kwamba katika maono yote hakuona ghadhabu kwa Mungu. Ghadhabu aliiona kwetu sisi, na Mungu anaituliza. Mtu aliyesoma Warumi 1:18, inayotaja ghadhabu ya Mungu, atashtuka. Julian naye alishtuka, maana Kanisa lilimfundisha juu ya hukumu na yeye hakutaka kuliacha Kanisa. Aliyashika yote mawili mkononi bila kuyalazimisha yapatane. Kuhusu wokovu, anazungumzia tendo kuu ambalo Utatu Mtakatifu utalifanya siku ya mwisho, ambalo hakuna kiumbe analijua, na ambalo litayafanya yote yawe mema. Hasemi kwamba jehanamu ni tupu. Wala katika maono hakuonyeshwa ni watu gani wamo. Kwa maoni yangu huo ni unyenyekevu ambao wengi wetu tunaopanga orodha za waliopotea tungeuhitaji.

Kwa nini anamwita Yesu “Mama”? Si uzushi huo?

Si uzushi, wala si yeye wa kwanza. Askofu mkuu Anselm wa Canterbury, aliyefariki mwaka 1109, alikwisha kusali hivyo kabla yake. Maandiko yenyewe yametangulia: “Kama mtu ambaye mama yake amfariji, ndivyo nitakavyowafariji ninyi” (Isaya 66:13). Na Yesu alijilinganisha na kuku anayekusanya vifaranga vyake chini ya mbawa (Mathayo 23:37).

Julian anaitumia lugha hiyo kwa shughuli maalumu. Anasema mama humwacha mtoto aanguke wakati mwingine, kwa faida yake, lakini hawezi kuvumilia aangamie. Na mtoto aliyeanguka, akaogopa, akajichafua, hufanya jambo moja: hukimbilia kwa mama. Huku kwetu mzee wa miaka 70 akijikwaa gizani husema “mama yangu!” hata kama mama alizikwa miaka 40 iliyopita. Sala ya Julian iko karibu na kilio hicho kuliko ilivyo karibu na kitabu cha teolojia.

Kama umelelewa na mama aliyekuumiza, usijilazimishe picha hii. Ziko nyingine.

Mimi ni Mlutheri (au Mwanglikana, au Mpentekoste). Ananihusu?

Aliishi zaidi ya karne moja kabla ya Luther, kwa hiyo hakuna wa kumdai peke yake. Kanisa Anglikana humkumbuka tarehe 8 Mei. Katekisimu ya Kanisa Katoliki inamnukuu katika namba 313, na Papa Benedikto wa 16 alimzungumzia katika katekesi yake ya Desemba 2010, ingawa Roma haijamtangaza rasmi kuwa mtakatifu.

Naanzaje kusali kwa namna hii?

Anza na kidogo. Keti mahali ambapo hakuna atakayekuita kwa dakika kumi, na hilo peke yake nyumbani kwa watu wengi ni kazi. Wengine hufanya kitandani kabla ya jogoo, wengine kwenye daladala. Chukua kitu kimoja kidogo kilicho mbele yako au mtu mmoja unayemhofia. Mtaje mbele za Mungu kwa yale maneno matatu: umemuumba, unampenda, unamtunza. Likikukwama neno la tatu, na kwa anayeuguza huwa linakwama, liache likwame. Mwambie Mungu kwamba hilo huliamini leo. Kisha nyamaza.

Siku ambazo huna maneno kabisa, azima ya wengine. Zaburi ya 13 ina mistari sita tu na inaanza, “Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?” Maombolezo 3 ni ndefu zaidi, usikimbilie mstari wa 22 wa rehema zisizokoma kabla hujapita mistari ya mwanzo ambako mwandishi anasema Mungu amemvunja meno kwa changarawe. Mstari wa 22 una nguvu kwa sababu ya njia iliyoufikia.

Julian anasema uendelee kusali hata kama hupati ladha yoyote, hata kama unaona haisaidii. Katika ukavu na ugonjwa, anasema, ndipo sala yako inapompendeza Mungu sana. Sababu anayoitoa ni kwamba Mungu ndiye chanzo cha kuomba kwako: usingetaka kumwita kama yeye hakutaka kwanza uite.

Je, nitegemee kuona maono?

Hapana. Julian mwenyewe anasema maono hayakumfanya awe mwema, na kwamba wapo wengi wasioona chochote wanaompenda Mungu kuliko yeye.

Kutafakari kutaniondolea sonona? Niache dawa?

Usiache dawa. Ukikosa usingizi kwa wiki, ukijiona huna sababu ya kuishi, nenda hospitali na umwambie mtu wa karibu leo, si kesho. Sala na daktari hawagombanii mgonjwa.

Rafiki yangu amefiwa na amekasirika na Mungu. Nimwambie nini?

Yapata mwaka 1413 mwanamke aliyeitwa Margery Kempe alisafiri kutoka mji wa Lynn kwenda kwenye dirisha la Julian. Margery alikuwa analia hadharani, kanisani, njiani, kwa sauti kubwa, na watu wengi walimwona kero au mnafiki. Alikuwa na wasiwasi kama yanayompata yanatoka kwa Mungu. Julian hakumnyamazisha. Walizungumza kwa siku nyingi. Alimwambia kwamba Roho Mtakatifu hawezi kamwe kumsukuma mtu kwenda kinyume cha upendo, na kwamba machozi ya namna ile ni ishara ya Roho kukaa ndani ya mtu.

Fanya hivyo. Nenda, kaa, rudi tena baada ya arobaini watu wakishatawanyika, maana hapo ndipo nyumba inapokuwa kubwa. Akimkasirikia Mungu mbele yako, usimtetee Mungu. Akikuuliza kwa nini, una ruhusa ya kusema hujui. Julian alisubiri karibu miaka 20 kwa ajili ya mfano mmoja. Ukiona anataka kusali, saleni Zaburi ya 13. Asipotaka, chota maji, osha vyombo, kaa naye mpaka giza liingie.